Mtu Asiyeegesha Tambarare

Mtaani kwetu, ukitaka kujua shemeji yangu yuko wapi, huna haja ya kuuliza watu. Tazama miteremko. Ukiona gari dogo la rangi ya chai ya maziwa limesimama pua chini, jiwe limetiwa mbele ya gurudumu, basi yeye yupo karibu hapo: dukani, kinyozi, au kwenye mazishi ya mtu. Ndiyo maana watu walimpa jina la Mteremko. Hakugombana nao. Alisema jina la kupewa ni kama koti la mtumba, likikutosha livae.

Mimi ni shemeji yake kwa upande wa mke. Mke wake ndiye dada yangu mkubwa, aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo. Zamani Shemeji alikuwa dereva wa gari la mkate, na kila asubuhi alisimama mbele ya nyumba yetu, hata siku ambazo hatukuagiza mkate. Mama alikuwa akichungulia dirishani anasema, "Huyu dereva leo tena? Mkate wake hauuziki kwingine?" Mkate uliuzika vizuri kwingine. Alikuwa akimtazama Dada akifagia.

Alipomuoa, mimi nilikuwa nimemaliza shule ya msingi na sikuwa na pa kwenda. Shemeji alinishika mkono akanipeleka kwa mzee mmoja fundi umeme wa magari, akamwambia, "Huyu hasemi sana, lakini anasikia. Mfundishe." Basi. Maneno hayo ndiyo ninayoyala mpaka leo, mimi na watoto wangu.

Dada na mumewe hawaitani kama watu wengine. Yeye humwita mumewe Dereva, naye humwita mkewe Abiria. "Abiria wangu, umeshuka kitandani?" "Nimeshuka, Dereva. Nauli utadai jioni." Miaka yote hiyo wanafanya mzaha uleule na bado wanacheka.

Kisha figo za Dada zikaharibika. Miguu ilikuwa ikimvimba muda mrefu, lakini aliificha chini ya magauni marefu na kusema amenenepa. Tulipojua, ilikuwa imebaki kazi ya mashine tu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa anapelekwa hospitali kuu, upande wa pili wa mji, analazwa pembeni ya mashine, damu yake inatoka, inasafishwa, inarudishwa. Akikosa mara moja, uso unamvimba. Akikosa mara mbili, anaanza kukosa pumzi. Teksi haziji mtaani kwetu alfajiri, na juu ya pikipiki hawezi kukaa, maana akitoka kwenye mashine kichwa kinamzunguka kama mtu aliyeshuka pembeani. Kwa hiyo maisha ya Dada yalikuwa ndani ya gari lile la rangi ya chai, na gari lile likaanza kugoma.

Halikugoma kila siku. Hapo ndipo penye taabu. Gari lililokufa kabisa halikudanganyi. Unalifungua, unamkuta mchawi, kazi imekwisha. Lakini gari linalogoma leo na kesho likawaka kwa nusu ya ufunguo ni kama mtu mwenye homa ya vipindi: akifika kwa daktari anacheka na kuomba chakula.

Shemeji hakumwambia mtu. Alijifunza kuishi na ugonjwa ule. Nyumbani kwao barabara inashuka, kwa hiyo aliegesha likitazama chini. Hospitali kulikuwa na njia ya kushuka nyuma ya jengo la kufulia mashuka, akaegesha huko. Akienda sokoni alizunguka mpaka apate mahali pa kuinama. Sisi tulidhani ni tabia tu za madereva wa zamani, tukacheka. Hata Dada alicheka.

Siku moja mafuta yakakaribia kumwishia njiani, akalazimika kuingia kituo cha mafuta, na kituo cha mafuta ni sakafu tambarare kama meza. Alipomaliza kujaza, gari likakataa. Wakati watu walipopatikana wa kulisukuma, Dada alikuwa amechelewa, na hospitali wakampa nusu ya muda wake tu. Jioni midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Muuguzi alipiga simu ya ndugu iliyoandikwa pale, nayo ilikuwa ya mtoto wao wa kwanza.

Huyo tunamwita Kifungua, kwa kuwa ndiye kifungua mimba. Anafanya kazi katika ofisi ya maji, mji mwingine wa mbali, na anakaa na mkewe na watoto wake katika vyumba viwili. Si mtoto mbaya. Anampenda mama yake mpaka anakosa adabu. Alinipigia mimi, si baba yake.

"Mjomba, wewe ni fundi umeme. Umeliacha gari hilo limuue mama?"

Nilishikwa na haya. Nilimwambia sikujua.

"Basi sasa unajua. Ninakuja Alhamisi. Ijumaa nitaandamana nao hospitali, kwenda na kurudi. Likiwaka bila kusukumwa, nitafunga mdomo wangu. Likigoma hata mara moja, ninaondoka na mama. Huku hospitali ni kutembea kwa miguu."

"Na baba yako?"

"Mjomba, mimi nina vyumba viwili. Mama atalala na watoto. Baba tutaona."

Nilielewa. Nilimfikishia Shemeji maneno hayo, na aliponiletea gari gereji Jumanne, na yeye alikuwa ameelewa. Alishuka, akaniwekea ufunguo kiganjani, akavikunja vidole vyangu juu yake kama anayempa mtoto hirizi.

"Shemeji," akasema, "mimi sijawahi kukuomba kitu."

Kweli, hakuwahi.

Gereji yetu iko kwenye kiwanja kilichoinama kuelekea barabarani. Tulikipenda kwa sababu hiyo: mvua ikinyesha maji hayatuami. Magari yote huingia kwa nyuma na kusimama yakitazama barabara, pua chini. Nililisimamisha la Shemeji hivyohivyo. Nikawasha. Likawaka. Nikazima, nikawasha. Likawaka. Nikaliacha lipoe, nikaliacha lipate jua, nikawasha taa zote ili kuichosha betri. Liliwaka kama jipya.

Jirani yangu pale gereji ni fundi wa kunyoosha bodi, tunamwita Nyundo. Kazi yake ina kelele na mdomo wake una kelele zaidi.

"Fundi, gari hilo lina adabu kuliko wanangu," akasema. "Likiona wageni linaamkia."

"Nyamaza, ninasikiliza staata."

"Unasikiliza nini na linakuambia 'shikamoo' kila ukiligusa? Mwambie shemeji yako mgonjwa ni maneno yake, si gari."

Nilifungua vichwa vya betri nikavisugua vikang'aa. Nikaitoa staata, ile mota ya kuamshia injini, na kuijaribu mezani, ikazunguka kwa nguvu mpaka ikataka kuruka. Nikazifuata nyaya kutoka kwenye swichi ya ufunguo hadi mwisho, nikikunja kila kiungo kwa vidole. Kuna waya mmoja mnene wa ethi, unaotoka kwenye injini na kurudi kwenye betri. Umeme wote ulioingia kwenye staata hurudia njia hiyo. Niliutazama. Ganda lake zima, bolti zake zimekaza. Nikaweka taa ya kujaribia, taa ikawaka. Nikapita.

Nikamuuliza Shemeji, "Linagoma wakati gani?"

"Wakati lenyewe linapotaka."

"Mahali gani?"

"Popote." Alikuwa akitazama viatu vyake.

"Hakuna kingine?"

"Pedali ya mafuta siku nyingine inakuwa nzito. Nimeitia grisi."

Kichwa changu kilikuwa ndani ya swichi ya ufunguo. Nikamwambia hiyo tutaiangalia baadaye. Jumatano akalichukua, akampeleka Dada hospitali, akarudi salama, na mimi nikaogopa zaidi. Ugonjwa usiouona haujaondoka, umejificha tu.

Alhamisi Kifungua akaja. Alibeba mkoba mdogo begani na mkononi begi kubwa, tupu, limelala kama ngozi. Aliliweka pembeni ya mlango wa sebuleni. Tukala, tukazungumza habari za wajukuu, na kila mtu alilipita begi lile kwa macho kama wanavyopita watu penye mbwa asiyefungwa.

Dada ndiye aliyesema. "Mwanangu, mgeni mwenye chombo kitupu hajaleta kitu. Amekuja kuchukua."

"Mama, tusubiri kesho."

"Mimi nitasubiri. Ila ujue cherehani yangu haiingii humo, na Dereva pia haingii."

Shemeji alicheka, lakini kijiko chake kiligonga kikombe.

Ijumaa alfajiri tulikuwa wanne. Gari lilikuwa mlangoni, pua chini. Shemeji akatoa jiwe, akaingia, akawasha. Likawaka papo hapo. Kifungua akasema, "Sawa. Moja." Nilitamani asingehesabu.

Tukashika njia. Nilikaa nyuma na Kifungua, nikawa nasikiliza injini kama mtu anayesikiliza pumzi za mgonjwa. Ilikuwa nzuri. Tulipofika hospitali, Shemeji akakata kona kuelekea jengo la kufulia, na mlinzi akainua mkono.

"Huko kumefungwa, mzee. Wanachimba bomba. Wote wanaegesha uwanjani."

"Mimi naegesha huko siku zote, bwana. Unanijua."

"Nakujua, Mzee. Bomba halikujui."

Uwanja ule ulikuwa wa saruji mpya, mpana, umesawazishwa. Hata ungemwaga maji yasingejua pa kwenda. Shemeji akasema labda arudi nje ya geti, barabarani. Kifungua akainama mbele.

"Baba, hapa pana tatizo gani?"

"Hapana tatizo."

"Basi egesha."

Akaegesha. Mkono wake ulikaa kwenye ufunguo muda mrefu. Kisha akazima, na sauti ya injini ikakatika.

Kifungua alimshika mama yake mkono wakaingia ndani, akasema atakaa naye mpaka mashine imalize. Walipopotea mlangoni tu, Shemeji akanitazama. Akaugeuza ufunguo.

*Tak.* Basi. Taa za dashibodi zikafifia kama kibatari kilichopulizwa, zikarudi alipouachia ufunguo. Akageuza tena. *Tak.* Mara ya tatu kukaja harufu ndogo ya plastiki inayoungua.

"Toka kwenye ufunguo," nikamwambia. "Usiguse kitu."

Alitoka. Uso wake ulikuwa umebadilika, umekuwa wa mzee kuliko nilivyomzoea. Akanivuta kando, kana kwamba gari lingetusikia.

"Shemeji, nisikilize. Nje ya geti barabara inashuka. Wale vijana wa mikokoteni wataliondoa hapa mara moja. Tuligeuze litazame chini, tuliache pale. Mtoto akitoka, tutamwambia kivuli kilikuwa kizuri huko. Nitawasha mbele yake, litawaka, tutaondoka. Litawaka, nakuapia."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu yeye atakuwa amerudi kwake."

Huyu ndiye mtu aliyenishika mkono akanipeleka kwa fundi. Hakuwahi kuniomba kitu, na hiki ndicho alichokuwa akiomba. Ingekuwa rahisi sana. Begi lingerudi tupu. Nilitazama dirisha la jengo ambalo Dada alikuwa ndani yake, amefungwa mipira miwili mkononi, akidhani sisi tuko nje tunazungumza habari za mpira.

Kisha neno moja alilolisema likanirudia.

"Umesema litawaka. Likiserereka?"

"Hapana, halihitaji kuserereka. Kwa ufunguo."

"Kwa ufunguo? Likiwa limetazama chini?"

"Kila mara. Mimi huliweka mteremkoni ili likigoma liserereke, lakini likishakuwa mteremkoni haligomi. Linaogopa, nadhani. Nimelizoea hivyo."

Nilimshika bega. "Shemeji, umejua hili tangu lini?"

"Si jambo la kujua. Ni mazoea."

Na gereji yangu imeinama. Jumanne nzima nilikuwa nimelitibu gari likiwa limelala upande usiouma.

Nikafungua boneti. Sasa nilikuwa na ugonjwa wenyewe mikononi, uko nyumbani, haujatoka, na niliogopa kugusa kitu nisije nikaufukuza kabla ya kuuona. Ukitazama chini, nini husogea ndani ya gari? Betri haisogei, imefungwa. Nyaya nyembamba hazisogei. Injini husogea, kama mipira inayoishika imechoka. Nikalala chini nikatazama. Mpira wa mbele ulikuwa umechanika, umebaki kushikana kwa nyuzi tu. Pua ikiinama, injini nzima husogea mbele kidole kimoja. Gari likiwa tambarare, hurudi nyuma.

"Ingia," nikamwambia Shemeji. "Geuza mara moja, uachie."

*Tak.* Nilikuwa nimeweka mkono juu ya kebo ya mafuta, ile kamba ya chuma iliyovikwa plastiki, inayotoka kwenye pedali hadi kwenye injini. Ilikuwa ya moto. Kebo ile haina umeme wake. Kazi yake ni kuvutwa na kuachiwa. Haina sababu yoyote duniani ya kuwa ya moto.

Hapo nikajua. Umeme wa staata ulikuwa umekosa njia yake ya kurudi, ukaamua kurudi kwa kichochoro. Nikachukua kisu nikalichana ganda la ule waya mnene wa ethi, ambao niliutazama Jumanne nikapita. Ndani kulikuwa na unga wa kijani. Nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika karibu zote, ncha kwa ncha. Injini ikisogea mbele, waya unalegea, ncha zinakutana, gari linawaka. Injini ikirudi nyuma, waya unavutika, ncha zinaachana. Taa yangu ya kujaribia haikuniambia kwa sababu taa hunywa tone, staata hunywa ndoo, na tena siku ile ncha zilikuwa zimekutana.

Nilivuta kebo ya mafuta kwa vidole. Ilikuja, haikurudi. Plastiki ya ndani ilikuwa imeyeyuka na kuishika. Nikamwita Shemeji aone.

"Hii ndiyo pedali yako nzito. Ungetoka hapa ukashuka ule mteremko wa nje, ukakanyaga mara moja, mafuta yangebaki yamefunguka. Dada akiwa kiti cha mbele."

Aliitazama ile kebo muda mrefu. Alitoa kitambaa akajifuta mikono, ingawa haikuwa michafu.

"Na chini kuna daraja," akasema.

Nilimpigia Nyundo. Nikamwambia alete waya mnene wa ethi uliokuwa juu ya meza yangu, na kebo ya mafuta, na mpira wa injini kama angepata.

"Kwa hiyo leo halijasema shikamoo?" akacheka.

"Nyundo. Njoo haraka."

Sijui alisikia nini katika sauti yangu. Alisema anakuja, na hakuongeza mzaha.

Tulikuwa bado tunamsubiri wakati Kifungua alipotoka nje kumnunulia mama yake maji. Akaiona boneti imeinuliwa. Alitembea kuja kwetu polepole, chupa ya maji mkononi, na sikuona hasira usoni mwake. Niliona huzuni, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Limegoma," akasema.

Nilifungua mdomo nieleze habari za waya. Shemeji akaniwahi.

"Limegoma. Na limekuwa likigoma tangu mvua za mwaka jana. Nimekuwa nikiliegesha mteremkoni ili msijue. Hata leo nilitaka kulisukuma nje ya geti kabla hujatoka. Mjomba wako amekataa."

Sikuwa nimekataa kwa mdomo. Lakini niliyaacha maneno yake yapite.

"Kwa nini, Baba?"

"Kwa sababu ungemchukua."

Kifungua aliishikilia ile chupa kana kwamba imekuwa nzito. Nilidhani atapiga kelele. Badala yake akaja mbele ya injini akaniambia, "Nionyeshe, Mjomba." Nikamwonyesha unga wa kijani. Nikamwonyesha kebo. Nikachukua waya wa kuazimia umeme kutoka kwenye buti, nikabana upande mmoja kwenye injini, upande mwingine kwenye betri, nikazuia mafuta kwa mkono yasifunguke, nikamwambia aingie yeye mwenyewe ageuze ufunguo.

Likawaka. Pale pale, kwenye saruji tambarare, likawaka kwa nusu ya ufunguo. Akalizima haraka kama aliyeshtuka. Nikatoa ule waya. *Tak.* Nikaurudisha. Likawaka.

"Ni waya tu?" akauliza.

"Ni waya, na mpira, na kebo."

"Na Baba," akasema. Lakini alisema kwa sauti ya chini, na Shemeji akatikisa kichwa kukubali.

Nyundo akafika na pikipiki, mpira wa injini ukining'inia shingoni kwa kamba kama medali. Akatazama nyuso zetu, akauweka mzaha wake mfukoni. Aliinua injini kwa jeki na kipande cha ubao, mimi nikafunga mpira, kisha waya, kisha kebo. Kifungua alishika spana na kuvua shati lake la ofisini lisichafuke. Nilikaza bolti ya ethi mpaka mkono ukaniuma, nikaongeza nusu mzunguko.

Muuguzi akamleta Dada kwa kiti cha magurudumu. Alikuwa amechoka, lakini macho yake yalikuwa yale yale. Aliiona mikono nyeusi, boneti wazi, Nyundo, mwanawe kifua wazi.

"Kumekuwa na msiba au harusi?"

Shemeji akachuchumaa mbele ya kile kiti. Akamwambia yote, yale ya mteremko na yale ya geti. Alisema bila kuruka kitu. Dada alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mimi nilificha miguu, na wewe ukaficha gari," akasema. "Kweli tumeoana."

"Mama," Kifungua akasema, "mimi nilisema likigoma hata mara moja..."

"Nilisikia ulichosema. Sasa nisikie mimi. Mnayevutana juu yake ni mimi, wala hakuna aliyeniuliza. Nipelekeni nyumbani. Nikifika nitakuambia kama ninakwenda au ninabaki."

Shemeji akaendesha. Tulipoingia mtaani kwetu alipunguza mwendo ili alizungushe gari litazame chini, kama kawaida yake. Kifungua akamgusa bega kutoka nyuma.

"Baba, leo lisimamishe likitazama juu."

Pale mlangoni kwao mlima ni mkali. Shemeji akavuta breki ya mkono. Pua ya gari ilikuwa ikitazama mbingu, injini inanguruma taratibu, na mkono wake ulikuwa kwenye ufunguo lakini haugeuki. Nilikuwa nikijua kila bolti niliyoikaza, na bado nilizihesabu upya kichwani. Kama kulikuwa na kitu nilichokosea, hapa ndipo kingesema. Gari likitazama juu, injini huvuta nyuma kwa uzito wake wote.

"Dereva," Dada akasema. "Tumefika."

"Najua, Abiria."

"Zima, basi."

Hakuweza. Dada akanyoosha mkono wake wenye bandeji, akauweka juu ya mkono wa mumewe, akazima yeye. Niliwasikia kuku wa jirani. Kisha Dada akahesabu pumzi zake mbili au tatu, kama afanyavyo kabla ya kuchomwa sindano, na akaugeuza ufunguo.

Liliwaka.

Shemeji aliinamisha paji la uso juu ya usukani, mabega yakawa yanatikisika, na Dada akampigapiga mgongoni kama anayemcheulisha mtoto. "Basi, Dereva. Basi. Nauli nitakulipa."

Halafu akageuka nyuma, kwa mwanawe. "Ninabaki," akasema. "Lakini wewe utanipigia simu mimi, si mjomba wako. Siku baba yako akianza kutafuta miteremko tena, nitakuambia mwenyewe, na nitafunga begi langu kwa mikono yangu. Dereva, umesikia?"

"Nimesikia."

Kifungua aliondoka Jumapili. Begi lile kubwa aliliacha kwa mama yake, akasema litamfaa kwa vitambaa vya kushona. Dada alilitundika msumarini nyuma ya mlango wa sebuleni, bado tupu, mahali ambapo mtu anayetoka na ufunguo wa gari hana budi kuliona.

Jumatatu bomba la hospitali lilikuwa limekwisha kufukiwa. Mlinzi alimwona Shemeji anakuja, akaondoa kizuizi cha njia ya kufulia mashuka na kumpungia apite. Shemeji aliitazama ile njia. Kisha akakata kona, akaingia uwanjani, akaegesha katikati ya saruji, na kuzima.

"Mzee, leo huendi mahali pako pa siku zote?" mlinzi akauliza.

"Niache kwanza," Shemeji akamjibu, akimsaidia Dada kushuka. "Ninajifunza."